Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kila asubuhi, king'ora cha kiwanda kilipolia mara ya kwanza, Casimir alikuwa ameshanyoa ndevu na kuvaa abakosti, suti yake ya kijivu, ile ambayo fundi alikuwa ameshaigeuza kola mara mbili. Alisimama nyuma ya kiti, akakishika mgongo kwa mikono yote miwili kana kwamba yuko mahakamani, akaanza kusema. Mezani, binti yake Mathilde aliweka karatasi mbili zenye kaboni katikati, akazizungusha kwenye mashine ya kuchapa, vidole vyake vikaifuata sauti ya baba. Saa moja na robo Mathilde alikunywa chai na kwenda kwenye shule ya msingi alikofundisha. Walifanya hivyo tangu amalize chuo cha ualimu, miaka miwili sasa, kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa yameacha kuona herufi ndogo.

"Andika: kwa kuwa," alisema Casimir. "Kwa kuwa mushitakiwa..."

"Odi!"

Mlangoni alisimama Dominique, tarishi wa mahakama, kofia mkononi. Alikuwa amepita kwenye nyumba hiyo mara nyingi kunywa chai, lakini leo hakutazama upande wa birika.

"Papa Casimir, minye ni wa kuleta tu. Usinikasirikie."

"Leta basi. Karatasi haiume."

Mathilde aliipokea na kuisoma kwa sauti. Iliandikwa kwa Citoyen Mwamba, yaani Raia Mwamba, kwa maana tangu majina ya ubatizo yakatazwe, Casimir hakuwapo tena kwenye karatasi za serikali. Alibaki Casimir nyumbani, kanisani na sokoni Kikula, mtaa wao mjini Likasi. Mahakama ilimtaka, katika kesi ambayo mtaani iliitwa ya Simone dhidi ya Germain, alete siku ya Alhamisi maandishi kamili ya hukumu ya Brussels ya tarehe nne Machi 1926, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, aliyoitaja katika utetezi wake. Asipoileta, utetezi wote utatupwa, na itaangaliwa kama jina lake libaki kwenye orodha ya watetezi.

Mama Alphonsine, mke wa Casimir, alitoka nyuma ya nyumba, mikono imejaa unga.

"Orodha gani?"

"Ile yenye inaniachia kusema mbele ya juge," Casimir alijibu. "Ile njo inatulisha."

Dominique alisaini daftari lake, akalisaini tena mahali ambapo hapakuhitaji saini, akaondoka.

*

Casimir hakuwa wakili. Wakili husoma chuo kikuu. Yeye alikuwa mtetezi tu, mtu aliyepewa ruhusa ya kuwasemea wengine kwa sababu alikuwa na adabu, Kifaransa kizuri na miaka mingi ndani ya ofisi ya sheria. Miaka hiyo aliitumia kwa Maître Lambrecht, wakili Mbelgiji aliyekuwa na ofisi karibu na stesheni na ambaye baadaye alirudi kwao. Watu wa Kikula walimpenda Casimir kwa jambo moja zaidi ya mengine. Aliposimama kusema, alitaja Brussels. Alitaja tarehe, mwaka na ukurasa bila kutazama karatasi, na waliokaa kwenye mabenchi waligeukiana wakatikisa vichwa.

Haikuwa mbwembwe. Sheria ya nchi juu ya madhara iliandikwa na Wabelgiji wakati wao, na maneno yake yalifanana na yale ya sheria ya kwao. Kwa hiyo mahakama, ilipokuta shaka, ilipenda kujua majaji wa Brussels waliyasomaje maneno hayohayo. Shida ilikuwa vitabu. Vingi viliondoka na wenyewe, vingine viliishia sokoni vikifungia karanga. Kwa miaka ishirini hakuna mtu Likasi aliyemwambia Casimir, "Tuonyeshe."

Sasa alikuja jaji mpya, kijana, mtu wa kuuliza. Na Germain, mwenye malori matatu, alikuwa amemlipa wakili kutoka Lubumbashi, Maître Hilaire, aliyesimama wiki iliyopita na kusema kwa upole mkubwa kwamba angefurahi sana kuisoma hukumu hiyo nzuri.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili moja, lori la Germain lililobeba chokaa ya machimbo ya Kakontwe, iliyokuwa ya nyumba yake mpya, lilirudi nyuma kwenye kichochoro cha Kikula na kuangusha ukuta wa jiko la Mama Simone, muuza samaki. Germain alisema Jumapili si siku ya kazi; dereva alijichukulia lori mwenyewe kwenda kunywa, basi adaiwe dereva. Dereva alikuwa ameshakimbilia Kolwezi. Sheria ilisema bwana hulipa madhara ya mtumishi wake akiwa katika kazi aliyompa. Je, Jumapili ile ilikuwa kazi? Casimir alisema Brussels ilishajibu swali hilo, na ilijibu kwa faida ya ukuta.

Jioni ile Mama Simone mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kiti kidogo na kuvua kandambili.

"Banasema banataka buku."

"Banataka," alisema Casimir.

"Na ile buku inajua ukuta yangu?"

"Haiijui. Inajua ukuta ingine."

"Ya wapi?"

"Ya kule Ubelgiji."

Mama Simone alifikiri. "Kumbe kule pia kuta zinaangukaka." Alionekana kufurahi kidogo. "Na ule mwenye ukuta, balimulipa?"

Casimir aliinua kikombe chake kilichokuwa kitupu, akakinywa.

"Mathilde atapanda treni kesho," alisema. "Iko maktaba ya chuo kule Lubumbashi. Ataleta."

Mathilde alimtazama baba yake. Hakuwa amepata kumsikia akisema juu ya kitabu bila kusema kilichomo. Alitaka kumuuliza, lakini alikuwa mtu ambaye swali humfika kooni na kugeuka njia. Akaenda kuomba ruhusa ya siku moja kwa mkuu wa shule.

*

Mtunza maktaba alikuwa mzee aliyeitwa Michel, mwenye koti jeupe kama la daktari. Alimtazama Mathilde kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Weye ni étudiante wa droit, wa kusoma sheria?"

"Hapana, Papa. Minye ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa mwaka wa tatu. Primaire."

Vijana wawili waliokuwa wakisoma waliinua vichwa. Michel alicheka mpaka akashika meza. "Batoto ya mwaka wa tatu banasoma sasa hukumu za Brussels? Inchi yetu inaendelea!"

Uso wa Mathilde uliwaka. Kama angekuja kwa shida yake mwenyewe, angeomba radhi na kutoka. Lakini akilini aliona mikono ya baba yake kwenye mgongo wa kiti.

"Habasome hizo, Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kila siku banauliza sababu: juu ya nini hivi, juu ya nini vile? Nilishazoea kutafuta."

Michel aliacha kucheka. Alichukua kipande cha karatasi cha Mathilde kilichoandikwa mwaka na ukurasa, akakisogeza karibu na macho.

"Elfu moja mia tisa ishirini na sita. Hakuna mutu anaombaka ile." Alisema hivyo kama mtu anayesikia jina la jamaa aliyesahauliwa. "Acha mufuko yako hapa. Kaa."

Alikaa saa nzima. Aliusikia mkwaruzo wa ngazi ikiburutwa vyumba vya ndani, chafya, halafu kimya, halafu chafya tena. Michel alirudi na kitabu chekundu kizito, akakiweka mezani na kukipangusa kwa kiwiko. Mathilde alifunua polepole. Mia mbili na nane. Mia mbili na tisa. Halafu kurasa zilikataa kufunguka.

Alifikiri zimegandana kwa unyevu. Alizishika kwa kucha na kuona kwamba zilikuwa zimekunjwa pamoja ukingoni, karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara kadhaa na haijapata kukatwa.

"Banavichapaka vile," Michel alieleza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Musomaji njo anakata mwenyewe. Hii buku ilifika hapa kabla ya indépendance. Profesa walipita, maîtres walipita. Sasa ni mwaka 1984." Alifungua droo na kutoa kisu alichokatia mkate wa mchana. "Weye njo wa kwanza, Madame mwalimu. Kata."

Mathilde alikata. Karatasi ilitoa sauti laini na vumbi jembamba, na kwa dakika moja alisahau orodha, Alhamisi na Maître Hilaire. Mbele yake palikuwa na mahali ambapo hakuna jicho lililopata kufika tangu mashine ya uchapaji. Tarehe ilikuwa sawasawa na ya baba yake. Ukurasa pia. Moyo ulimruka kwa fahari.

Akasoma. Huko mji wa Liège, mwenye kiwanda cha bia alikuwa na mtumishi wa kuendesha mkokoteni wa farasi. Jumapili moja mtumishi aliuchukua kwenda harusi ya dada yake, na njiani akaubomoa ukuta wa mama mjane. Mathilde alikaribia kutabasamu: hata mjane alikuwamo. Alifunua ukurasa. Mahakama ilisema: bwana hatalipa.

Alirudi mwanzo. Labda Kifaransa cha zamani kilimpoteza. Alisoma mara ya pili akiweka kidole chini ya kila neno, kama anavyowafundisha watoto. Bwana hatalipa, kwa sababu safari ile haikumnufaisha kwa lolote, na jaji lazima aulize kila mara mkokoteni ulikuwa ukitembea kwa faida ya nani.

"Umeipata?" aliuliza Michel.

"Nimeipata."

"Basi juu ya nini unafanya uso ya msiba?"

Mashine ya kunakili ilikuwa imeharibika tangu Krismasi, kwa hiyo Mathilde alitoa daftari la shule na kuanza kuandika kwa mkono. Alipofika katikati kalamu ilisimama. Sehemu ya kwanza, ile ya mkokoteni na mjane na kifungu cha sheria, ilionekana nzuri sana ikiwa peke yake. Michel, ambaye alikuwa amevuta kiti na kukaa karibu kwa ajili ya udadisi tu, aliona kalamu imesimama.

"Sikia," alisema. "Batu banakujaka hapa banaandika mistari mitatu, banakimbia. Weye andika jina ya mahakama, tarehe, mwaka ya buku, ukurasa. Andika pa mwanzo mpaka pa mwisho. Mutu akikuletea katikati tu, muulize mwanzo na mwisho alizipeleka wapi."

Mathilde aliandika mpaka mwisho. Michel alisoma nakala yake neno kwa neno akilinganisha na kitabu, akaweka muhuri wa maktaba chini, akaupuliza ukauke.

*

Siku ya Jumatano, jioni, Alphonsine alipakua bukari, ugali wao, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, lakini hakuna aliyenawa mikono.

"Soma," alisema Casimir.

Mathilde alisoma Kifaransa taratibu, akieleza kwa Kiswahili kwa ajili ya mama yake. Alipofika kwenye maneno yale, alitamani kikohozi kimshike. Hakikumshika. Akayasoma.

Casimir hakusogea. "Rudilia."

Akarudia.

"Ukurasa ni ileile?"

"Ni ileile, Papa. Tarehe pia. Hamukukosea hata moja."

"Hata moja," alisema Casimir, na akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Basi ni mchezo wa namna gani huu?" Alphonsine aliuliza. "Baba Mathilde, weye ulisoma buku ao hukusoma?"

Casimir aliutazama mlango uliofungwa. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayehesabu vitu vilivyo kwenye rafu. Maître Lambrecht alikuwa na vitabu vyekundu ukuta mzima. Asubuhi ya kesi aliandika tarehe na kurasa kwenye kikaratasi, akampa Casimir. Casimir alipanda ngazi, akashusha kitabu, akaweka kipande cha karatasi nyeupe mahali palipotakiwa, akakibeba mpaka mahakamani na kukiweka mezani. Kusoma hakukuruhusiwa. Siku moja Maître alimkuta ameinama juu ya ukurasa, akamwambia mikono yake ingeacha mafuta. Basi alijifunza alichoachiwa: namba. Kesi ya gari na mtumishi, 1926, mia mbili na kumi na mbili. Kila mara alipokiweka kile kikaratasi pale, Maître alishinda.

"Nikasema basi, ile ukurasa inashindaka kesi za gari."

"Na Maître alikuwa wakili wa nani?" aliuliza Mathilde taratibu.

Maître Lambrecht alikuwa wakili wa wenye magari. Wakati wote. Casimir alikuwa amejua jambo hilo kwa miaka thelathini, na hakuwa amepata kuliweka karibu na lile la ukurasa unaoshinda.

Alphonsine alivuta sahani karibu, akaisukuma tena. Alikuwa mwanamke wa kutafuta njia. "Hilaire haiko na buku. Juge haiko na buku. Mathilde, andika upya. Weka ile ya mujane na ukuta, acha ile ya nyuma."

"Iko muhuri, Mama."

"Muhuri iko chini. Kata juu."

"Papa Michel alisema..."

"Ule Michel anakula hapa kwetu?"

Mathilde aliinamisha kichwa. Machozi yalimjia, si kwa ajili ya orodha. Yalimjia kwa ajili ya kijana aliyeambiwa mikono yake ina mafuta. Baba yake aliinyoosha mikono hiyohiyo juu ya meza, akalichukua daftari na kulifunga.

"Kuleni," alisema. "Sombe inapoa."

*

Alhamisi mabenchi yalijaa. Mama Simone alikaa mbele akiwa na kitenge kipya. Germain alikaa upande wa pili, funguo za malori zikining'inia kidoleni. Maître Hilaire alimsalimia Casimir kwa kuinama kidogo, namna ya mtu anayemfungulia mzee mlango wa kutokea.

"Citoyen Mwamba," alisema jaji kwa Kifaransa, lugha ya mahakama. "Umeleta hukumu?"

"Nimeileta, Citoyen Président."

Casimir alienda mbele, akihesabu hatua kwa sababu ya macho, na kuweka daftari mezani. Jaji alisoma kimya. Ilikuwa hukumu ndefu. Watu walisikia akifunua karatasi, halafu wakamwona akirudi nyuma na kufunua tena, kama alivyofanya Mathilde. Alimpitishia Maître Hilaire. Wakili alisoma, nyusi zikapanda, akatabasamu.

"Citoyen Président, namushukuru sana ndugu yangu. Alipanda mpaka Lubumbashi kuniletea ushindi wangu."

Mabenchi yalicheka. Germain alicheka kuliko wote, ingawa hakuwa ameelewa. Mama Simone aligeuka huku na huku. "Nini? Balisema nini?" Mathilde, aliyekaa nyuma yake, alimshika bega.

Jaji hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta kitu ambacho hakukitegemea na anataka kukijua.

"Hii inakupinga," alimwambia Casimir. "Unajua?"

"Najua."

"Na uliileta yote. Ungeweza kuleta nusu."

"Ningeweza."

"Mbona uliandika kwamba inakusaidia?"

Casimir alishika ukingo wa meza. Hapa hapakuwa na mgongo wa kiti wa kushika.

"Sikupata kuisoma, Citoyen Président. Nilikuwa nabeba ile buku. Naiweka alama, naibeba, nairudisha. Miaka kumi na moja nilibeba. Kuifungua, aliyeifungua ni mutoto yangu, mara ya kwanza juzi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waliegemea mbele. "Namba nilizijua. Maneno sikuyajua."

Hakuna aliyecheka. Maître Hilaire alifunga kalamu yake. Dominique, mlangoni, alitazama viatu vyake.

Jaji alichukua utetezi wa Casimir, akatafuta ukurasa wa tatu na kupiga mstari mrefu juu ya mistari ya Brussels. Mlio wa kalamu ulisikika mpaka nyuma.

"Hii naifuta. Umesema kweli, kwa hiyo kuhusu orodha sitaandika kitu leo. Lakini utetezi wako umebaki mutupu katikati, Citoyen Mwamba. Hapa pako shimo." Aliweka kidole mahali penyewe. "Brussels imeondoka. Weye mwenyewe, ulitaka kusema nini?"

Alphonsine, aliyekuwa dirishani na wanawake wengine, akaanza kuyataja majina ya watakatifu. Kwa miaka ishirini Casimir alikuwa ameanza kila sentensi kwa maneno "kwa kuwa", na kila "kwa kuwa" ilikuwa na mtu wa mbali wa kuiegemea.

"Naomba niseme Kiswahili," alisema mwishowe. "Mama Simone asikie."

"Sema."

"Nilitafuta Brussels kwa sababu niliogopa. Nilifikiri ikitoka mu kinywa yangu tu, hamutaisikia." Aligeuka, si kwa jaji wala kwa wakili, akamtafuta Germain kwa macho yake yenye ukungu mpaka akampata. "Lakini ile nilitaka kusema ni hii. Siku ile, Papa Germain, chokaa ilikuwa yako. Ilikuwa inaenda kujenga nyumba yako. Lori ikibeba mali yako, kama ni Jumapili, kama ni Pasaka, inatembea kwa faida yako. Ukuta ya huyu mama ilianguka ili nyumba yako isimame. Basi umujengee."